Wivu wa Bwawa la Daktari

Maji ya bwawa la Daktari yalichafuka siku ya Jumatatu, na yalichafuka bila adabu. Hayakuanza kwa rangi wala kwa harufu. Yalifanya weupe tu, weupe wa maji yaliyooshewa mchele, na sakafu ya bwawa, ile yenye vigae vya bluu ambavyo fundi alivijua kimoja kimoja mpaka kile chenye ufa, ikatoweka kama mtu aliyejifunika shuka usoni ili asisalimiwe.

Fundi mwenyewe aliitwa Klorini. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mama yake tu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mbili, kifua kama pipa, sauti ya mnadi bidhaa, na ulimi usiojua kupumzika. Miaka saba alikuwa akisafisha bwawa lile kila Jumatatu na Alhamisi, na miaka saba bwawa halikumwaibisha hata mara moja. Wenye mabwawa mtaani kote walisema Klorini ana mkono. Mafundi wengine walimwaga dawa ndoo kwa ndoo wakapata supu. Yeye alitia kikombe, akapata kioo.

"Klorini, hii ni nini?" Daktari aliuliza kutoka barazani. Alikuwa daktari wa meno, mzee mpole, aliyezoea kuzungumza na watu ambao midomo yao imejaa vyuma hawawezi kumjibu. "Umenimwagia maziwa?"

"Kosa langu, Daktari. Alhamisi sikuja. Si unajua nilikuwa na shughuli?"

"Najua, bwana harusi. Juzi Jumamosi ulipendeza. Na huyo bibi harusi hajambo?"

"Hajambo kabisa! Anakula, anacheka, ananigombeza. Mke kamili."

Hapo ndipo sauti ilipotoka. Ilitoka kwenye ule mdomo wa pembeni mwa bwawa ambao huvuta majani na takataka, na ilikuwa sauti fupi, kavu, ya mtu anayevuta hewa katikati ya meno kumdharau mwenzake. Fyooo!

Msonyo. Msonyo ule wa shangazi aliyenyimwa kiti kwenye harusi.

Daktari alimtazama Klorini. Klorini alilitazama bwawa.

"Pampu imevuta hewa," Klorini akasema.

Yalikuwa maelezo mazuri ya kitaalamu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: pampu ilikuwa imezimwa, na plagi yake alikuwa ameishika yeye mwenyewe mkononi.

Akapima maji. Alidondosha matone yake kwenye kile kichupa, akakiinua juani, akakiangalia kwa jicho moja. Tindikali sawa. Dawa sawa. Kwa kipimo, maji yale yalikuwa na afya kuliko yeye. Akasafisha chujio kwa kuyarudisha maji nyuma mpaka yakatoka safi, akapiga brashi kuta zote nne, akatia dawa kidogo ya kusindikiza, akaondoka akiwaza kwamba ikifika Alhamisi yatakuwa yamenyooka, yanaonyesha vigae.

Alhamisi alikuta kijani.

Mwani wa bwawa anaujua kila fundi. Huota kwenye kona zenye kivuli, huteleza kama kamasi, huenea kama madoa ya chai. Huu haukuota hivyo. Ulikuwa umeota ukutani ndani ya maji, chini kidogo ya ukingo, kwa viganja. Viganja vya mikono. Vidole vitano, kiganja, vidole vitano, kiganja, vimezunguka bwawa zima kama mtu aliyetembea ndani yake akishika ukuta, akienda na kurudi, akienda na kurudi, akimsubiri mtu asiyekuja. Na harufu iliyopanda pale haikuwa ya dawa wala ya majani yaliyooza. Ilikuwa harufu ya nywele mbichi, nywele nyingi za kike, zilizofungwa kabla hazijakauka.

Klorini alicheka, kwa sababu ndiyo kazi aliyozoea kuifanya alipoogopa. Akavisugua. Vilitoka kwa shida, kimoja kimoja, na kila kimoja kilipotoka brashi ilimvuta mkono kidogo kuelekea majini, kidogo tu, kama mtoto anayemvuta mtu mzima nguo.

Nyumbani alipokelewa na msonyo mwingine, safari hii wa binadamu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba chao cha mbele ndicho kilikuwa duka lake: cherehani dirishani, magauni ya watu ukutani, na yeye katikati na pini mdomoni. Alimvua mumewe shati la kazi, akalinusa, kisha akavuta kitu kutoka mfukoni. Akakivuta, akakivuta, akakivuta. Ulikuwa unywele. Ulikuwa mrefu kuliko mkono wake, na ulikuwa wa kijani.

"Huyu nani?"

"Huo mwani, mke wangu. Mwani wa bwawani."

"Mwani umesukwa?"

Kweli, ulikuwa umesukwa. Nyuzi tatu, safi kabisa, na mwishoni fundo.

"Siku tano," mkewe akasema, taratibu, akitia pini moja moja kwenye kijaluba kana kwamba anazihesabia adhabu. "Siku tano za ndoa, bwana Klorini. Wenzio wanangoja angalau mwezi, wanaona haya."

"Nakuapia, mama, hakuna mwanamke. Huko ni mimi na maji."

"Basi hayo maji yana shampuu."

Walilala wamepeana migongo. Asubuhi mkewe alinawa uso kwa maji ya kwenye ndoo, akajifuta, akakaa kwenye cherehani, akachukua uzi na sindano. Akalenga, akakosa. Akaulowanisha uzi kwa ulimi, akalenga tena, akakosa. Mara ya tano akaweka sindano mezani, akasema kwa sauti ndogo ambayo Klorini alikuwa hajawahi kuisikia kwake:

"Baba, mbona chumba kimejaa moshi?"

Chumba hakikuwa na moshi. Klorini alimsogeza dirishani, akamwinua kidevu, akatazama. Juu ya mboni zake mbili nyeusi palikuwa na utando mweupe. Weupe wa maji yaliyooshewa mchele.

Hospitali walimmulika, wakamdondoshea, wakampa karatasi, wakasema macho ni mazima kabisa. Kwa kipimo, kila kitu sawa. Klorini aliyatambua maneno hayo, maana ndiyo aliyoyasema yeye mwenyewe moyoni Jumatatu akiwa na kichupa mkononi.

Akafunga safari hadi bwawani akiwa na silaha ya mwisho ya kila fundi: shabu. Jiwe lile jeupe likisagwa na kumwagwa kwenye maji, hukusanya uchafu wote unaoelea na kuuangusha chini, na kesho yake fundi huja kuunyonya kwa mpira. Akamwaga ya kutosha kunyoosha ziwa. "Lala salama, mchafu wewe," akayaambia maji, na mara akatamani asingesema.

Kesho yake, saa nne asubuhi, jua limewaka, ndege wanapiga kelele kwenye nyaya, shabu ilikuwa imefanya kazi yake. Maji yalikuwa yametulia, na uchafu wote umelala sakafuni.

Umelala kweli. Chini kabisa ya kina kirefu, unga ule wa kijani na mweupe ulikuwa umejipanga ukafanya kitanda. Kitanda kizima: foronya mbili, shuka lililokunjwa pembeni kwa ustadi. Upande mmoja wa kitanda ulikuwa na umbo la mwanamke aliyelala ubavu, nyonga, bega, nywele zimemwagika hadi kwenye vigae. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Ulikuwa umebonyea kidogo katikati, umbo la mtu mwenye kifua kama pipa.

Klorini angekimbia, na hakuna ambaye angemcheka. Lakini aliyakumbuka macho ya mkewe, na sindano iliyolala mezani, na sauti ile ndogo. Akateremsha mpira wa kunyonyea, akawasha pampu, na kichwa cha mpira kilipogusa shuka lile kikashikwa, akavuta, kikakaza, akavuta kwa miguu miwili ukingoni, na mpira ukalegea ghafla kwa namna ya mtu anayekuachia kamba makusudi ili uanguke, naye akaanguka, si nyuma bali mbele, kichwa kwanza, na maji yakamfunga, na hayakuwa baridi kama maji ya asubuhi yanavyokuwa bali vuguvugu, uvuguvugu wa kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi, na alipojaribu kupiga mikono ili apande juu alikuta mikono yake imeshikwa, si kwa nguvu, kwa upole, kwa upole wa kutisha, vidole vikipita katikati ya vidole vyake, na nywele zikimzunguka shingo mzunguko mmoja, na wa pili, na kwenye sikio lake, ndani kabisa pale maji yanapoingia na kukataa kutoka, sauti ya kike ikamuuliza pole pole, bila hasira, kama mke anayemuuliza mumewe kwa nini chakula kimepoa:

"Jumamosi ile ulikuwa wapi?"

Daktari ndiye aliyemvuta kwa ule ufito mrefu wa brashi. Klorini alilala kwenye saruji akitapika maji ya kijani.

Mke wa Klorini alikuwa na mteja wa siku nyingi, mama mmoja wa magauni mapana. Watu walimwita Karani. Alikuwa amestaafu ukarani wa kuandikisha ndoa na talaka, na katika kazi ile, alivyopenda kusema mwenyewe, alikutana na ndoa nyingi zenye mtu wa tatu asiyeonekana, mpaka akajifunza namna ya kumtoa. Alikuja jioni ile ile, miwani shingoni kwa kamba, kalamu nyuma ya sikio. Hakuwa na hirizi wala manyoya. Alikuwa na daftari.

"Kaa hapo," akamwambia Klorini. "Nijibu nilichokuuliza tu, usiniongezee vichekesho. Huyo mwanamke wa majini ulimuoa lini?"

"Mimi? Sijamuoa, mama!"

"Mtu hasukiwi nywele mfukoni na mtu baki. Mwanzoni kabisa, bwawani kwa Daktari, ulisema nini?"

Klorini akafumba macho, akakumbuka, na jasho likamtoka hadi kwenye magoti. Nyumba ile ilikuwa imekaa tupu muda mrefu kabla Daktari hajahamia, na bwawa lilikuwa la kijani kibichi, lina vyura. Alikuwa amelihangaikia siku nne. Siku ya nne maji yaliponyooka alisimama ukingoni akaona yanavyometa, akapiga goti kwa mbwembwe, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kumchekesha.

"Nilisema... nilisema, 'Mrembo, nimekuoa. Mahari yako ndoo ya dawa.'"

"Palikuwa na shahidi?"

"Daktari alikuwa anakunywa chai. Akainua kikombe, akasema, 'Nimeshuhudia!' Tukacheka sana."

"Mlicheka nyie wawili," Karani alisema, akivaa miwani aandike. "Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo... basi ni salamu tu. 'Hujambo, mke wangu.' 'Umelalaje, kipenzi.' Kila nikifika."

"Kila Jumatatu na Alhamisi, kwa miaka saba." Karani aliivua miwani. "Mwanangu, kuna watu wameoana kihalali na hawajaambiana hayo hata mara mbili."

Kutoka kwenye kiti chake dirishani, mke wa Klorini akageuza ule uso wenye macho meupe. "Na mimi ulinipigia goti?"

"Wewe nilikuletea barua, mama..."

"Barua! Ya maji goti, yangu barua!"

"Gombaneni baadaye," Karani akasema. "Yule anamfunga dada macho ili asikuone wewe. Leo ukungu, keshokutwa giza, na likishaingia giza halitoki. Hafukuzwi huyo, huyo ni mke, na mke huachwa. Utakwenda kesho, mbele ya shahidi yule yule, umpe talaka tatu. Sikiliza: tatu. Usimpe zawadi, usimwite kwa jina la mapenzi. Mimi pale sifiki. Akiona mwanamke ukingoni atanimalizia na haya macho yangu ya miwani. Na jambo la mwisho, ulijue kabla. Huo mkono wako unaosifiwa ni wake. Ni yeye aliyekuwa anakunyooshea maji, kila nyumba uliyokwenda. Ukimwacha, ataondoka nao."

Klorini alivitazama viganja vyake. Miaka saba ya sifa. Halafu akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ameokota sindano na alikuwa akilitafuta tundu lake kwa ncha ya ulimi, kimya kimya, akidhani hakuna anayemwona.

"Nitakwenda," akasema.

Alikwenda. Saa tano asubuhi Daktari alikuwa barazani na kikombe cha chai kwenye kisahani, na bwawa lilikuwa jeupe zaidi ya siku zote, jeupe la kutoonyesha hata ngazi ya pili, na juu yake hapakuwa na upepo lakini maji yalikuwa yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyekwisha kulia na sasa anasikiliza.

"Daktari, ushuhudie," Klorini akasema. Sauti yake ya mnadani ilikuwa imebaki ya kuulizia bei. "Nimekuacha. Talaka moja."

Jamani, maji yale yalinyooka papo hapo. Ukungu ulizama kama pazia lililokatwa kamba. Bluu ikatokea, ngazi ya pili, ya tatu, vigae, ufa wa kile kigae kimoja, na jua likaingia mpaka chini likacheza sakafuni. Viganja vya kijani vikafutika ukutani kimoja baada ya kingine, kama taa zinazozimwa. Klorini hakuwahi kuona maji mazuri namna ile, hata siku ile ya goti.

"Klorini!" Daktari alipiga kelele, chai yote imo kwenye kisahani. "Yamenyooka! Umeweza!"

Na hapa, ndugu zangu, ndipo ufundi ulipomponza mtu. Maana kila fundi wa bwawa, siku ya kwanza ya kazi, hufundishwa sheria moja kabla ya zote: maji yakishanyooka, usiongeze dawa. Ukiongeza unaharibu. Miaka ishirini Klorini alikuwa ameifuata sheria hiyo hadi ikawa iko kwenye damu. Alifungua kinywa kusema ya pili, akayatazama maji, akaona yamekwisha kunyooka, na kinywa kikajifunga chenyewe. Tena tusifichane: pembeni kabisa mwa moyo aliona huruma. Mwanamke ameondoka vizuri, bila matusi. Umtupie na mbili nyingine za nini?

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, analia na kucheka kwa pamoja. "Baba! Naona! Naona mpaka mshono wa shati la jirani, na umeshonwa vibaya!"

Klorini alipanda baiskeli yake akarudi huku akiimba. Baiskeli ilikuwa nzito. Alishuka mara mbili kulikagua gurudumu la nyuma, akakuta lina upepo, lakini limekaa chini, kama amempakia mtu.

Mkewe alimlaki mlangoni, macho meusi, makubwa, yanametameta. Walikumbatiana wakasahau barua na goti. Akamkalisha kwenye kiti, akamvua viatu, mambo ambayo hakuwahi kumfanyia.

"Nieleze. Ulizitamkaje zote tatu?"

"Zote za nini? Moja tu, yakanyooka. Nikaona inatosha."

Mkewe aliacha kiatu kikaanguka.

"Moja?"

"Moja, mama. Si umepona?"

"Wewe mwanaume." Alikuwa akinong'ona, na alikuwa akiangalia kila kona ya chumba kwa yale macho yake mapya. "Mwanamke wa talaka moja hukaa eda wapi? Si nyumbani kwa mumewe? Miezi mitatu, baba! Amekurudishia macho yangu kwa kuwa umemtendea kwa utaratibu, sasa na yeye anataka utaratibu wake. Na ndani ya hiyo miezi mitatu ukimtamkia neno moja la mapenzi, moja tu, umemrejea. Amekuwa mkeo tena, na safari hiyo hatakuwa bwawani kwa mtu. Atakuwa humu."

Klorini alitaka kucheka.

"Basi sitasema," akasema. "Nitanyamaza miezi mitatu."

"Wewe? Unyamaze?" Mkewe akasimama. "Ngoja. Nifunge huu mlango kwanza, halafu tumpigie Karani. Usitoe neno. Hata moja."

Klorini akatii. Akaegemea kiti, akafumba macho, akajikuta amechoka uchovu wa siku sita, na kiu imemshika ya mtu aliyetapika bwawa. Akahisi kikombe kimewekwa kwenye kiganja chake, kimejaa, cha baridi, na vidole vikimkunjia vidole vyake taratibu ili asikimwage. Akanywa chote kwa pumzi moja. Hakuwahi kunywa maji safi namna ile.

"Ahsante, kipenzi," akasema.

Kutoka mlangoni, mgongo ukiwa umemgeukia, mikono yote miwili bado kwenye komeo, mkewe akauliza:

"Unamwambia nani?"